Ubishi wa alfajiri: Kevin Durant, Majengo na mchezaji anayehama

Ukitaka kuwagombanisha watu wa nyumbani kwetu Majengo, huna haja ya kutaja siasa. Taja Kevin Durant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Tangu Julai 2016 alipoondoka Oklahoma City kwenda Golden State Warriors, jina hilo limetufuata kwenye daku, kwenye matatu, hata kwenye jiko la arusi ya shangazi yangu, ambako wapishi wawili waliacha sufuria ya pilau wakabishana mpaka mama akaingia na mwiko. Swali halijabadilika: ubingwa alioupata baada ya kuhama uhesabiwe vipi? Je, ni wake kweli, au aliukuta umeshapikwa?

Mimi si mchezaji. Nilikuwa mweka hazina wa timu ya mtaa, nikawa shabiki kwa sababu ya ami yangu, ambaye sebule yake ndiyo yenye king'amuzi na ndiyo tunayokesha. Katika miaka hiyo hiyo ambayo ligi ya Marekani ilikuwa inagombania jina la Durant, timu yetu nayo iliachwa na kijana wake bora. Nimeuona ugomvi huu kwenye televisheni na nimeuona uso kwa uso, na msimamo niliotoka nao ni huu: shabiki ana haki ya kuumia. Haki ya kufuta hana.

Nianze na Durant mwenyewe, kwa sababu wengi wanaobishana juu yake huanzia katikati. Alichaguliwa mwaka 2007 na Seattle SuperSonics, akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi mwaka ule. Baada ya msimu mmoja wenye timu waliing'oa Seattle, mji uliokuwa nayo kwa miongo minne, wakaipeleka Oklahoma City na kuibatiza Thunder. Kwa hiyo kijana yule alihamishwa kabla hajahama. Huko Oklahoma alikua. Mwaka 2012 aliwafikisha fainali wakafungwa na Miami. Mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi, akasimama mbele ya watu akamshukuru mama yake huku machozi yanamtoka, na nadhani siku hiyo hata wasioujua mpira wa kikapu walimpenda.

Kisha ikaja 2016. Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 katika msimu wa kawaida, rekodi ambayo hakuna timu iliyowahi kuifikia. Kwenye fainali ya Kanda ya Magharibi, ambako anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayepita, Thunder wakawabana na kuongoza tatu kwa moja. Ilibaki moja tu. Mechi ya sita, nyumbani kwao Oklahoma, Klay Thompson wa Warriors akatia vikapu kumi na kimoja vya pointi tatu. Ya saba wakafungwa 96 kwa 88. Warriors wakaenda fainali, nao wakapoteza mbele ya Cleveland baada ya kuongoza tatu kwa moja. Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Julai, Durant akatangaza kwamba anajiunga na hao hao waliomtoa.

Huku kwetu ilikuwa saa ya futari, siku za mwisho za Ramadhani. Binamu yangu alisoma habari kwenye simu tende ikiwa bado mkononi. Ami hakusema kitu. Alikunywa uji wake, akaenda kusali, aliporudi akasema, "Huyo sasa hata akishinda hatanifurahisha."

Kuna jambo ambalo wabishi wengi hawalitaji, nalo ni fedha. Warriors hawakupata nafasi ya kumsajili kwa ujanja wa Durant peke yake. Ligi ilikuwa imesaini mkataba mpya wa televisheni, na kikomo cha mishahara ya kila timu kikaruka kwa mwaka mmoja kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94. Stephen Curry, nyota wa Warriors, naye alikuwa bado kwenye mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, aliousaini siku ambazo vifundo vya miguu vilimsumbua na hakuna aliyejua kama atadumu. Kikomo kingepanda pole pole, au Curry angekuwa analipwa hadhi yake, mlango ule usingefunguka. Mlango ulifunguliwa na wengine, Durant akaupita. Kuupita ni uamuzi wake na anastahili kuulizwa. Lakini mtu anayesema Durant aliharibu ligi peke yake hajatazama hesabu.

Wakati mwingine uzito wa kikapu unaufahamu tu ukiwa macho kilipotiwa. Mechi ya tatu ya fainali ya 2017 ilichezwa Cleveland, na kwetu ilianza saa kumi alfajiri ya Alhamisi, tarehe 8 Juni, Ramadhani tena. Robo ya kwanza tuliitazama sahani zikiwa mapajani, wali na maharagwe ya nazi, chupa ya chai inazunguka. Mapumziko yakakutana na adhana. Wanaume wakatoka kwenda msikitini, sisi wanawake tukasali chumba cha ndani, na kila mtu alirudi akiwa na haraka. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu, Cleveland walikuwa na 113 na Warriors 107. Cleveland hawakupata pointi nyingine hadi mwisho.

Kile kikapu cha Durant nakumbuka kilivyoanza kuliko kilivyoisha. Aliichukua ribaundi mwenyewe chini ya kikapu cha Warriors, hakumtafuta Curry, hakuangalia benchi. Akaupandisha mpira bila haraka, wanne wenzake wakitawanyika. LeBron James, nyota wa Cleveland, alikuwa anarudi kinyumenyume, visigino vyake ndani ya mstari wa pointi tatu. Durant akafika kwenye mstari, akasimama, akaruka. Zilikuwa zimebaki sekunde 45. Mpira ukapita wavuni, 114 kwa 113, na Cleveland kwa kweli walikuwa wamemalizika.

Binamu yangu aliruka mpaka akagonga taa. Ami alikaa pale pale. "Kikapu kizuri," alisema, "hakuna anayekataa. Lakini aliyemkaba Curry hakuweza kumwacha aje kusaidia. Aliyemkaba Thompson hakuweza. Angekitia na jezi ya Oklahoma, mwanangu, ningesimama."

Hoja hiyo ni nzito, na sijawahi kusikia mtu akiipindua kabisa. Warriors wakawa mabingwa, na Durant alimaliza fainali ile kwa wastani wa pointi 35.2 kwa mechi na akawa mchezaji bora wa fainali. Mwaka uliofuata wakatwaa ubingwa tena, naye akaipata tena tuzo hiyo, na mechi ya tatu ya 2018, Cleveland pale pale, alitia pointi 43. Hakuna anayebebwa akaonekana hivyo. Lakini Warriors walikuwa mabingwa mwaka 2015 bila yeye, na wakawa mabingwa mwaka 2022 yeye akiwa ameshaondoka. Ami huitaja miaka hiyo miwili mmoja baada ya mwingine, kisha ananyamaza na kukuangalia.

Mfano wake ni Dirk Nowitzki. Misimu 21 Dallas, hakuvaa jezi nyingine. Mwaka 2006 alikuwa mbele mechi mbili kwa bila kwenye fainali dhidi ya Miami, wakapoteza nne mfululizo. Mwaka 2007 Dallas walishinda mechi 67 kisha wakatolewa raundi ya kwanza, tena na Warriors wa wakati ule waliokuwa wameingia kwa kupapasa. Watu wakamwita Dirk laini. Alikaa. Mwaka 2011 akawafunga Miami ya nyota watatu, LeBron (aliyekuwa huko wakati ule), Wade na Bosh. "Ile ndiyo pete," ami husema, maana bingwa huvishwa pete, na sauti yake hubadilika kidogo, kwa sababu yeye pia alikaa kazi moja karakana ya Industrial Area mpaka akastaafu.

Binamu humjibu kwa Kareem Abdul-Jabbar. Kareem alikuwa bingwa Milwaukee mwaka 1971, akaomba aondoke, akaenda Lakers mwaka 1975 na kushinda ubingwa mara tano huko. Nani anampunguzia? Shaquille O'Neal aliiacha Orlando, akaenda Lakers, akashinda mara tatu mfululizo. Nani anamzomea leo? Halafu binamu huongeza jambo ambalo humchoma kila mara: mbona mchezaji akiondoka ni msaliti, na timu ikimwondoa ni biashara? Mwaka 2017 Isaiah Thomas wa Boston alifiwa na dada yake siku moja kabla ya mechi ya mchujo, akaingia uwanjani na kucheza. Mwezi wa nane mwaka huo huo Boston wakambadilisha na Kyrie Irving. Mwaka 2018 DeMar DeRozan, aliyesema wazi kwamba anataka kubaki Toronto, akapelekwa San Antonio ili aletwe Kawhi Leonard. Toronto wakawa mabingwa mwaka uliofuata. Mji mzima ukacheza barabarani.

Ninakubaliana na binamu kuhusu wenye timu, kabisa, na sitarudi nyuma hapo. Uaminifu unaodaiwa upande mmoja si uaminifu. Lakini mfano wake wa Kareem una tundu, na nimemwambia mara nyingi. Lakers aliowakuta Kareem mwaka 1975 walikuwa hawajafika hata mchujo. Hakujiunga na waliomtoa. Ukimlinganisha na Durant, unalinganisha aliyejenga nyumba ya pili na aliyehamia kwenye nyumba yenye paa. Wote wawili wana makao, na jasho la kila mmoja lina hesabu yake.

Sasa nije kwa kijana wetu. Jina lake silitaji, kwa sababu hakuomba kuwa habari.

Timu yetu ilifanya mazoezi kwenye uwanja wa lami, ringi moja imepinda, nyingine haina wavu. Jioni hadi giza. Mimi nilishika daftari: michango ya Ijumaa, shilingi hamsini kwa aliyenayo, ya waamuzi, ya nauli, ya maji. Huyo kijana alikuwa mrefu kuliko rika lake na miguu yake ilikuwa mikubwa mno kwa viatu vya madukani vya bei tunayoimudu. Tulikwenda naye Gikomba asubuhi, belo zinafunguliwa, tukapita meza kwa meza. Kocha alikikunja kila kiatu kuangalia kama soli imeanza kupasuka katikati, akaminya pembeni kuona kama gundi imeachia. Mwenye meza akatuambia saizi hiyo huja mara moja kwa mwezi. Tulipopata, kocha alifungua pochi yake kuongezea kilichopungua. Kijana aliviweka kifuani njia nzima ya kurudi.

Alituchezea misimu michache, na kwenye mashindano ya mitaa tukaanza kuogopwa. Ndipo ikaja simu. Wasioijua ligi yetu waelewe jambo moja: mpira wa kikapu Kenya kwa miaka mingi umebebwa na taasisi. Ulinzi ni timu ya jeshi. KPA ni ya bandari ya Mombasa. Benki za Equity na Co-operative zimekuwa na timu, na vyuo vikuu kama USIU na Strathmore pia. Kwa kijana wa mtaa, kuhama timu mara nyingi maana yake ni kupata ajira, au karo. Hakuna kikao cha televisheni. Unaambiwa uje Jumatatu na kitambulisho na vyeti.

Alikwenda. Hatukuwa tumeaga vizuri, kwa sababu alipewa siku chache. Na hapo nikayasikia maneno yale yale niliyoyasikia sebuleni kwa ami. Ametuuza. Tumemlea, wenzetu wanavuna. Mmoja wetu, mtu ninayemheshimu, alisimama kwenye kikao akataka viatu virudishwe.

Nilitumwa mimi, kwa kuwa daftari lilikuwa langu. Nilimkuta mama yake mlangoni anakaanga mahamri ya jioni. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikaanza kuzunguka maneno. Alinielewa kabla sijafika. Akageuza mahamri, akafuta mikono, akasema, "Mwanangu, nyinyi mlimpa viatu, na Mungu awalipe. Hawa wanampa mshahara. Nikukatalie wewe au niwakatalie hao?" Kisha akanifungia mahamri kwenye gazeti, akakataa pesa. Nilirudi kwenye kikao nikasema viatu havirudi na hoja hiyo isiletwe tena mbele yangu.

Hata hivyo, sitaki mtu asome hapa kwamba wenzangu walikuwa na roho mbaya. Waliumia, na walikuwa na sababu. Kocha alikuwa amempa kijana yule jioni zake zote. Ile taasisi iliyomchukua haikutupigia hata simu, achilia mbali kutuletea mpira mmoja. Tulibaki na timu iliyofungwa kila wiki na wadogo waliokuwa wakija kumtazama yeye wakaacha kuja. Watu wa Oklahoma waliochoma jezi mwaka 2016 siwaungi mkono, ila siwacheki. Mji ule hauna timu nyingine ya ligi kubwa. Aliondoka mtu waliyemwona akikua, na aliacha shimo la kweli.

Ninapotofautiana nao ni pale maumivu yanapogeuka kuwa hesabu. Tulikwenda kumtazama kijana wetu ukumbi wa Nyayo, kundi zima, wengine kumshangilia na wengine kumzomea. Sakafu ya mbao, viatu vinalia, joto la watu. Alikaa benchi hadi robo ya tatu. Alipoingia sikumtambua kwa uchezaji. Kwetu alikuwa akipewa kila mpira wa mwisho. Pale alikuwa anakaba, anaweka vizuizi, anatoa pasi na kukimbia kona. Alitupa mara mbili tu. Nyuma yangu mmoja wetu akapiga kelele, "Msaliti! Huku wamekufanya nini?" Nikageuka nikamwambia anyamaze, nikiwa nimekasirika hasa. Maana kile alichokiona kama kupungua, mimi nilikuwa naona mtu anajifunza kazi ngumu mbele ya watu wasiomjua. Na mkono wake wa kushoto, ule kocha wetu aliomlazimisha kuutumia kwa kumfunga wa kulia na leso, ulikuwa unafanya kazi pale pale mbele yetu. Hakuwa ameuacha Majengo.

Ndiyo maana nasema huwezi kufuta. Miaka minane ya Durant Oklahoma ipo. Mchezaji bora wa 2014 ni yule yule, na machozi yale ni ya kweli. Nimewasikia watu wakisema "kumbe hakuwahi kuipenda timu," kana kwamba kuondoka kunarudi nyuma na kubadilisha kilichokwisha kutokea.

Tarehe 10 Juni 2019, kwetu alfajiri ya tarehe 11, Durant alirudi uwanjani Toronto kwenye mechi ya tano ya fainali. Alikuwa nje kwa takriban mwezi mmoja kwa jeraha la msuli wa mguu. Warriors walikuwa nyuma tatu kwa moja. Alicheza dakika 12, akatia pointi 11, kisha akajaribu kumpita mtu na mguu ukakataa. Akaketi sakafuni akaushika nyuma, juu ya kisigino. Baadhi ya mashabiki ukumbini walishangilia, na wachezaji wa Toronto wenyewe wakainua mikono kuwanyamazisha. Mshipa ulikuwa umekatika.

Sebuleni kwetu ami ndiye aliyenyanyuka kwanza. Huyu ni mtu aliyekuwa amemwita Durant majina kwa miaka mitatu. Akasema, "Hapana, hapana," akaenda kusimama karibu na televisheni kama anayeweza kumsaidia kuinuka. Hakuacha hoja yake. Wiki moja baadaye alikuwa ameirudia, Dirk na yote. Lakini tangu siku hiyo sijamsikia akisema kwamba yule kijana alifuata mteremko. Mtu wa mteremko angebaki benchi na mkataba wake mpya unamsubiri.

Halafu kuna kidole cha mguu. Brooklyn, timu aliyohamia baada ya Warriors, Juni 2021, mechi ya saba dhidi ya Milwaukee. Kwetu kulikuwa na kafyu, kwa hiyo kila mtu aliitazama kwake na ubishi ukahamia kwenye simu. Durant alitia pointi 48. Sekunde ya mwisho ya muda wa kawaida, Brooklyn wakiwa nyuma kwa pointi mbili, aligeuka hewani na kuutupa mpira kutoka mbali, ukaingia. Nikapiga kelele peke yangu chumbani. Marudio yakaonyesha ncha ya kiatu chake imeugusa mstari. Pointi mbili badala ya tatu. Muda wa nyongeza, Milwaukee wakashinda 115 kwa 111, na baada ya raundi mbili nyingine Giannis Antetokounmpo akawa bingwa, kwa timu ile ile iliyomteua.

Nimeliwaza sana lile tukio. Ncha ya kiatu ingekuwa nyuma kidogo, Brooklyn wangepita, na ubishi wote wa alfajiri ungekuwa na sura nyingine. Jina la mtu kwenye historia tunalijadili kana kwamba lilitokana na tabia yake tu, wakati sehemu yake ni mkataba wa televisheni, vifundo vya Curry, mshipa uliokatika, na upana wa mstari uliopakwa rangi. Nikibishana siku hizi, namwomba mwenzangu aniambie kwanza mechi ipi anaizungumzia. Wengi hawana mechi. Wana hasira tu, na hasira ya mtu haina majibu.

LeBron alipata dawa ambayo Durant hakuipata. Naye alizomewa mwaka 2010 alipotangaza kwenye televisheni kwamba anakwenda Miami. Lakini alikuwa na pa kurudi. Alirudi Cleveland mwaka 2014, na mwaka 2016 akawapa ubingwa wakitokea nyuma tatu kwa moja, mbele ya Warriors wale wale wa mechi 73. Kuanzia siku hiyo, habari ya Miami ikasameheka. Durant angerudi wapi? Seattle haikuwa na timu tena. Oklahoma alikuwa ameshawaudhi, na walijenga upya bila yeye hadi wakawa mabingwa mwaka 2025. Brooklyn, Phoenix, sasa Houston: kila anakokwenda ni ugenini, na kwa Brooklyn na Phoenix hakufika hata fainali ya kanda. Wanaomwona hana utulivu wanaona kitu cha kweli. Mimi naona pia mtu ambaye nyumba yake ya kwanza iling'olewa akiwa na miaka 19.

Mnaponiuliza nimweke wapi, najibu bila kuzunguka. Ni miongoni mwa wafungaji wakubwa waliowahi kucheza mchezo huu. Amevuka pointi 30,000 na ana medali nne za dhahabu za Olimpiki. Pete zake mbili ni mbili. Ya Dirk ya 2011 ni nzito kuliko moja moja ya zile. Hilo nimemkubalia ami, na binamu bado hajanisamehe.

Vijana wa sasa wana ugomvi wao. Februari 2025 Dallas walimpeleka Luka Dončić Lakers usiku wa manane bila yeye kuomba, na mashabiki wakaandamana nje ya ukumbi. Huyo hajahama, amehamishwa, na nimefurahi kuwasikia wadogo wa mtaani wakiitambua tofauti hiyo wenyewe. Mwaka huo huo Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza kwenye BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, na wadogo hao hao sasa wanajua kwamba kuna pa kwenda kutoka hapa.

Kwa hiyo timu yetu imebadilisha utaratibu. Mchezaji akipigiwa simu, anakuja kwa kocha na mzazi, na barua ya kumwachilia inaandikwa siku hiyo hiyo. Ndani yake tunaomba vitu viwili kwa klabu inayomchukua: mipira, na Jumamosi moja kwa mwezi arudi kufundisha wadogo. Klabu nyingine hutia sahihi, nyingine hujibu kwa kimya. Kijana wetu wa kwanza hakuwa na barua yoyote, lakini huja Jumamosi akiwa hana mechi, na wadogo humgombania nani akabwe naye. Yule aliyetaka viatu virudishwe ndiye anayepuliza filimbi.